Msituambie Haiui

Mtoto wa miaka minane amevaa kofia ya sufu darasani. Ni Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi wa tatu, saa tano asubuhi. Upepo wa ziwa umelala na mabati ya shule yanachoma. Jasho linamtiririka shingoni. Mwalimu anajua, wenzake wanajua, na mama aliyemvika kofia hiyo kabla ya jua kutoka anajua kuliko wote. Chini ya sufu mna mabaka yenye magamba meupe, nywele zimekatika kama majani yaliyopitiwa na mbuzi, na juu ya sikio pana uvimbe unaotoa usaha. Ni mapunye. Kwenye kitabu cha kituo cha afya huandikwa kwa Kifaransa, teigne, kisha kitabu kinafungwa. Uliza kwenye farmasi ya kona, uliza ofisini, jibu ni moja: ni fangasi tu, haiui.

Nimechoka na neno hilo. Nimelisikia tangu utotoni na sasa nalisikia likiambiwa wajukuu. Kwa kuwa haiui, dawa yake haiagizwi. Kwa kuwa haiui, yeyote mwenye meza na mwavuli sokoni anauza pomadi anayotaka, na hakuna anayepita kumuuliza ndani ya tyubu mna nini. Mtoto anayefukuzwa shule kwa sababu ya kichwa chake hafi, ni kweli. Anakaa nyumbani mwezi, miwili, halafu harudi. Msichana aliyetungiwa jina la utani akiwa na miaka saba hafi pia, ila jina hilo linamfuata mpaka siku ya posa.

Tuanze na kichwa, maana hapo ndipo uzembe wetu unapoonekana waziwazi.

Kuvu hii haili nyama. Chakula chake ni keratini, kitu kile kile kinachojenga unywele, ukucha, pembe ya ng'ombe na kwato za mbuzi. Kwenye kichwa cha mtoto huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka hadi kwenye shina lake, chini ya ngozi, mahali ambapo pomadi haifiki. Mpake tyubu kumi, mwoshe kwa sabuni ya kila rangi, msugue kwa majani ya mpapai mpaka alie: juu patatulia kidogo, chini kuvu inaendelea kula. Inabidi dawa ipite tumboni, iingie kwenye damu, ijengwe ndani ya unywele mpya unaoota, ili kuvu ikose pa kushika.

Dawa hiyo ipo. Inaitwa griseofulvini. Ilipatikana ndani ya kuvu nyingine mwaka 1939, na mwaka 1958 ikathibitika kwamba ikimezwa inaponya ngozi, nywele na kucha. Haina hataza ya kampuni yoyote, wala haihitaji friji. Inaingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na sisi tuna mawese kuliko tunavyoweza kuyala. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 20 kwa kila kilo ya mtoto, kila siku, kwa wiki 6 hadi 8. Mtoto wa kilo 25, basi, anahitaji miligramu 500 kwa siku. Kidonge kimoja cha miligramu 500. Wiki 8. Vidonge 56.

Naomba msomaji aishike hesabu hiyo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, kama uko Lukuga au Kataki hapa mjini, au kule juu kwenye kambi za waliokimbia vita, ukaulize vidonge 56 vya griseofulvini. Kisha nenda farmasi ukaulize pomadi ya fangasi, uone utawekewa aina ngapi mezani.

Wala tusidanganyane kwamba ni ugonjwa wa watoto wachache wachafu. Felix Bongomin wa Chuo Kikuu cha Gulu, Uganda, na wenzake walikusanya tafiti za bara hili na mwaka 2021 wakakadiria kwamba watoto wapatao milioni 138 wa Afrika wana mapunye, yaani asilimia 23 hivi ya watoto. Karibu mmoja katika kila wanne! Darasa la watoto 60, kumi na watatu au kumi na wanne. Hakuna mama anayeweza kupambana na kitu cha ukubwa huo kwa ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na kila anayemwambia mama huyo kwamba mtoto wake ni mchafu anamwonea. Mapunye hupita kwenye mashine ya kinyozi, kwenye kitana, kwenye mkeka ambao watoto watano wanalalia, na kwenye kofia ile ile ya sufu ambayo leo amevaa huyu na kesho atavaa mdogo wake.

Kuna aina inayoumuka kama jipu, laini ukiigusa, imejaa usaha, na mtoto anapata homa. Wauguzi waliofundishwa haraka wanadhani ni jipu kweli, wanachukua kisu. Wanapasua kichwa cha mtoto mahali ambapo palihitaji vidonge. Nywele za hapo hazitaota tena. Kovu litabaki, jeupe na laini. Nimeliona kovu hilo kwa wanaume wazima bandarini, wabeba mizigo, na nikiwauliza wananiambia: walinipasua nikiwa mdogo. Haiui.

Matajiri wa leo waliwahi kuugua haya haya, na hawakusema haiui. Paris, katika hospitali ya Saint-Louis, walijenga shule ndani ya hospitali ili watoto wenye mapunye wasome huku wakitibiwa. Tangu mwaka 1904, Raymond Sabouraud alipoonyesha jinsi ya kung'oa nywele kwa mionzi ya eksirei, vichwa vya watoto vilipigwa mionzi huko Ulaya na kwingineko. Israeli iliwapiga mionzi maelfu ya watoto wa wahamiaji baada ya mwaka 1948, na miaka mingi baadaye baadhi yao wakaonekana na uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo. Mwaka 1994 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwalipa fidia. Walifanya makosa ya kutisha kwa sababu waliuchukia ugonjwa huu mno. Griseofulvini ilipokuja ikawaokoa na mapunye na mionzi pamoja. Wakapona, wakasahau. Sisi tumebaki nao, na dunia iliyopona ikatuazima neno lake la kusahau.

Sasa nije kwenye tyubu, maana hapo hasira yangu ni ya mtu aliyechomwa.

Miaka michache iliyopita nilipata choa kiunoni, pale mkanda unapobana na jasho linapolala. Duara lenye ukingo ulioinuka, linawasha usiku kuliko mchana. Niliingia farmasi moja ya mjini. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza hakuomba kuona, hakuuliza lolote. Akanyoosha mkono kwenye rafu: «Papa, pakala hii, siku tatu tu.» Na kweli, siku ya tatu mwasho ulikoma na duara likafifia. Nilimsifu kijana yule kwa majirani. Wiki mbili baadaye duara likarudi, nikanunua tyubu ya pili, kisha ya tatu. Mwezi wa tatu choa kilikuwa kimeshuka mapajani na kupanda mgongoni, hakina ukingo tena, hakina umbo. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na michirizi imejichora kwenye mapaja kama ya mwanamke aliyejifungua mapacha.

Ndipo nilipovaa miwani nikasoma kisanduku. Betametazoni, jentamisini, klotrimazoli. Dawa tatu ndani ya tyubu moja. Ya mwisho inaua kuvu, na ingepewa peke yake, nikaipaka wiki tatu au nne bila kuacha hata baada ya ngozi kuonekana safi, ingenitosha. Ya kati ni ya bakteria, haikuwa na kazi yoyote kwangu. Ile ya kwanza ni steroidi, na kazi ya steroidi ni kuwalaza walinzi wa ngozi. Mwasho ule ni vita: mwili unapigana na kuvu. Ukiweka steroidi, mwili unaacha kupigana, mgonjwa anafurahi, na kuvu inapata uwanja mtupu. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliueleza ugonjwa huu na kuupa jina lenye maana ya choa kilichojificha. Zaidi ya nusu karne imepita tangu waonye. Na tyubu ile inauzwa Kalemie bila karatasi ya daktari, kando ya pipi na vocha za simu.

Wapo wanaouziwa nistatini kwa ajili ya mapunye. Nistatini inaua kandida, ile ya mdomoni mwa watoto wachanga na ya ukeni. Kuvu ya mapunye na ya choa haiigusi kabisa. Mama ametoa franga za unga akanunua kitu ambacho, kwa ugonjwa wa mwanawe, ni mafuta matupu.

Wanaoagiza tyubu hizi wanajua. Mwenye duka la jumla anayepakua makatoni anajua kwamba tyubu inayorudisha mteja baada ya wiki mbili inaleta faida kuliko tyubu inayomponya. Simlaumu kijana wa rafuni. Hakusomea, analipwa kidogo, naye anawaamini waliomtuma. Nawalaumu waliomwajiri kijana asiyejua kitu na kumpa ufunguo wa kabati la dawa, na nailaumu serikali ya jimbo iliyowapa kibali au iliyofumba macho walipofungua bila kibali.

Na makopo ya kung'arisha ngozi? Msiniambie hilo ni suala la wanawake na urembo. Ndani ya mengi yao mna klobetasoli, steroidi yenye nguvu kuliko ile iliyoniharibu mimi, na inapakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka. Antoine Mahé na wenzake waliwachunguza wanawake wa Dakar waliotumia mafuta hayo na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2003: kuvu zilizosambaa, upele, chunusi, michirizi, ngozi isiyopona. Mwanamke mwenye kiraka kidogo cha choa kwenye paja, akijipaka klobetasoli kutoka shingoni hadi miguuni, anakieneza mwenyewe bila kujua. Halafu anajifungua, anambeba mtoto mgongoni, ngozi kwa ngozi. Kodivaa ilipiga marufuku mafuta ya kung'arisha mwaka 2015. Rwanda, jirani yetu, iliingia madukani kuyakamata. Kwetu yanapangwa kwa rangi kwenye meza za soko, na picha za wanawake weupe juu ya vifuniko.

Bei ya uzembe huu imekwisha kuonekana India. Huko tyubu za mchanganyiko zimeuzwa bila karatasi kwa miaka mingi, na huko huko choa kimegeuka kitu kingine: kinaenea mwili mzima, kinaambukiza nyumba nzima, na mara nyingi hakisikii terbinafini, dawa ambayo dunia nzima iliitegemea. Mwaka 2020 kuvu hiyo ilipewa jina lake, Trichophyton indotineae. Imefika Ulaya, na mwezi Mei 2023 Marekani ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza wawili, New York. Wataalamu wanataja matumizi holela ya steroidi na ya dawa za kuvu kama chanzo kikubwa. Sisi ni mji wa bandari. Mzigo unaoshuka meli Dar es Salaam unapanda treni hadi Kigoma, unavuka ziwa, unapakuliwa hapa mbele ya macho yetu, kisha unaondoka kwa reli kwenda Nyunzu na Kabalo. Watu nao hupita njia hiyo hiyo na ngozi zao. Kuvu isiyosikia dawa ikitua Kalemie itakuta tyubu zinaisubiri.

Na itakuta maji. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, watu walilala wiki nyingi kwenye nguo zisizokauka. Waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba mwaka 2016 na 2017 walirundikana chini ya mahema, mkeka mmoja kwa familia. Wavuvi wanaoingia usiku na taa zao wanarudi asubuhi na miguu iliyolowa tangu magharibi, ngozi kati ya vidole imeoza na kutoa harufu. Mama zetu wanaoosha na kuanika ndakala, dagaa wetu, mikono haikauki tangu alfajiri. Kucha zao zinavimba pembeni, zinageuka rangi, zinainuka. Ukucha ulioharibika huchukua miezi mingi kuota upya, na vidonge vyake humezwa kwa wiki kadhaa. Nani amewahi kumpa mama wa ndakala vidonge vya wiki kadhaa? Mji huu unakula kwa mikono ile.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Si kila baka ni fangasi. Baka lisilowasha, lisilosikia hata ukiligusa kwa pamba, linaweza kuwa ukoma, na Kongo bado ni miongoni mwa nchi zinazotangaza wagonjwa wengi wa ukoma duniani. Dawa ya ukoma ni ya bure, inaponya, na ikiwahi mgonjwa habaki na kilema. Kijana wa farmasi anapompa mtu huyu tyubu ya siku tatu, kisha nyingine, kisha nyingine, mishipa ya fahamu inakufa kimya. Vidole vinakunjamana. Hapo hata wale wa haiui watakosa la kusema.

Na kutofautisha hakuhitaji mashine ya mamilioni. Unakwangua magamba kwa wembe butu, unaweka kwenye kioo, unadondoshea potasiamu haidroksidi, unasubiri kidogo, unaangalia kwa darubini. Nyuzi za kuvu zinaonekana wazi. Darubini ni ile ile tunayotumia kutafuta malaria na kifua kikuu, na vituo vingi vinayo. Kinachokosekana ni chupa ya potasiamu na mtu aliyeambiwa kwamba ngozi ya maskini inastahili kuangaliwa.

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia. Ndege zikashusha wataalamu, Kongo ikapigwa picha ngozi yake kutoka kila upande. Nilishukuru, maana watoto walikuwa wanakufa. Lakini niliona pia kwamba ngozi yetu huangaliwa siku inapotishia ngozi za wengine. Shirika hilo hilo, mwezi Oktoba 2022, lilitoa orodha ya kuvu 19 za kupewa kipaumbele. Kuvu ya mapunye haimo. Watoto milioni 138 hawakutosha kupata nafasi ya kumi na tisa! Mwezi Mei 2025, Geneva, nchi wanachama hatimaye zilikubali azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya duniani, na Kodivaa ilikuwa mstari wa mbele kulidai. Nchi yetu ni mwanachama, basi azimio hilo ni letu pia. Nataka kuliona Kalemie, kwenye rafu ya kituo cha afya.

Na msiseme ni ndoto za nchi tajiri. Vuka ziwa, panda hadi Moshi chini ya Kilimanjaro. Tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kinachowafundisha matabibu wa kawaida, wasio madaktari bingwa, kutambua na kutibu magonjwa ya ngozi, kisha wanarudi wilayani kwao. Mabaka ya mwilini hutibika kwa malhamu ya Whitfield, ya zaidi ya miaka mia moja: asidi ya benzoiki asilimia 6, asidi ya salisiliki asilimia 3, ndani ya mafuta mazito. Mfamasia yeyote mwenye mizani anaichanganya. Inanuka, inachonyota, haina picha ya mwanamke mrembo, haina steroidi. Jimbo letu la Tanganyika likiwapeleka wauguzi wawili tu kusoma, wakirudi wakafundisha wengine, tyubu ile iliyoniharibu itapoteza soko lake.

Kwa hiyo, waziri wa afya wa jimbo, ninakuandikia wewe. Funga mlango kwa tyubu za mchanganyiko: zisitolewe bila karatasi, na anayezitoa anyang'anywe kibali. Kamata makopo bandarini yanaposhuka, kwa mwagizaji mwenyewe. Usimfuate mama anayeuza rejareja sokoni. Wakuu wa shule nanyi, mtoto akishaanza dawa hana sababu ya kufukuzwa. Mwacheni asome, na msimvue kofia mbele ya wenzake. Vinyozi, ndugu zangu, nyie nawaomba, sipigani nanyi: futeni mashine kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa.

Na agiza vidonge, waziri. Usiseme bajeti mpaka umehesabu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi mama yule atamfunga mwanawe kofia tena. Mwambie aifue, aianike juani, aiweke mbali. Mpe mtoto bukari na ndakala, na mawese juu yake, kisha kidonge cha kwanza. Vitabaki 55.